Sanduku la Bati Chini ya Kitanda

Kaloleni, Bahati, Shauri Moyo, mitaa ya Nairobi: chini ya kitanda cha mzee hakukosi sanduku la bati. Ndani yake mna risiti za kodi ya nyumba, cheti cha ubatizo, picha ya babu akiwa na kipande, kitambulisho cha kikoloni, shingoni. Mwenyewe huyaita makaratasi. Mtaalamu huyaita makavazi.

Aprili 1954, wakati wa Operesheni Anvil, msako dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, wanajeshi wa kikoloni waliizingira mitaa hii na kukamata maelfu ya watu. Uhuru ulipokaribia, Waingereza waliondoka na mafaili nyeti. Ilipofika 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau waliodai fidia kwa mateso ikiendelea London, serikali yao ikakiri kuwa nayo, yakiwa yamehifadhiwa Hanslope Park, Uingereza. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa walalamikaji 5,228 pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Karatasi haisahau, ikitunzwa.

Kenya ilianzisha Makavazi ya Kitaifa kwa sheria mwaka 1965. Leo yako Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki. Kanuni kuu ya kazi ya makavazi ni kutochanganya. Barua za chama cha akina mama hazitiwi pamoja na za kanisa, na mpangilio wa mwenyewe hauvurugwi, kwa kuwa nao ni ushahidi.

Nyumbani, pini hutolewa kabla hazijashika kutu. Selotepu ni mbaya zaidi: gundi yake huiacha karatasi na madoa ya rangi ya chai. Majina huandikwa nyuma ya picha kwa penseli, taratibu. Na sanduku huinuliwa juu ya matofali mawili, maana mvua za masika Eastlands huingia ndani bila hodi.