Aga Kabla Hujang'oa Nanga

Msikilizaji wa Mkokoni, msimu wa kusi umeingia. Upepo watoka kusini, na maji yanakwenda kaskazini. Ukiwa ndani, baina yetu na Kiwayu, kisiwa chakukinga. Ukitoka nje, bahari kuu, hakuna kinga tena. Mashine ikizima, hutabaki pale ulipo. Utachukuliwa. Utapita Kiunga, na mbele yake ni Somalia.

Basi ukisafiri peke yako, aga. Mwambie mtu: unakwenda wapi, wapita njia gani, utarudi lini. Najua, wengi wetu huona haya kuaga kwa safari ya karibu. Aga tu.

Jaketi la kuokolea maisha livae, usilikalie. Beba maji ya kunywa, kasia na tochi. Simu itie kwenye kopo linalofunga vizuri. Mashine ikizima, tia nanga kama inafika chini. Usiache chombo ukaogelea. Chombo huonekana mbali kuliko kichwa cha mtu.

Nawe uliyeagwa, saa aliyokwambia ikipita hajarudi, usingoje asubuhi. Wajulishe wavuvi, kisha piga 999.