Hema Likishaondoka

Msikilizaji, mwaka 1980 Mahakama ya Mwanzo ya Kariakoo, Dar es Salaam, ilivunja ndoa ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Bi Hawa akadai sehemu ya mali. Akajibiwa hana chake: yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Akapanda hadi Mahakama Kuu, jibu likawa karibu lile lile. Kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuweka wakili, aliomba msaada, na shirika la sheria la umma likampa wakili bila malipo. Ndivyo shauri lake lilivyofika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, mahakama ikatamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Rufaa yenyewe Bi Hawa hakushinda, maana mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizitapanya. Lakini msimamo ule ulibaki. Kila mama anayesimama leo mbele ya hakimu akasema nilipika, nililea, nililima, anatumia hoja iliyopatikana kwa sababu mwanamke mmoja asiye na kitu alipewa wakili, na wakili yule hakumwacha njiani.

Hilo la kutomwacha njiani ndilo ninalotaka tulizungumze.

Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Inampa asiye na uwezo njia ya kupata huduma bure, na inawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, wale majirani zetu waliopewa mafunzo. Mwaka 2023 ikaanza kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, na mikoani tumeona mahema, foleni, na wanasheria wakisikiliza watu kutwa nzima. Naipongeza kwa moyo wote. Wapo watu waliomwona mwanasheria kwa mara ya kwanza maishani mwao chini ya hema lile.

Ila hema huondoka, na shauri la ndoa haliishi kwa wiki moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika mazingira machache, mgogoro upitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la taasisi ya dini, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mama anakuja mahakamani na machozi yake ya miaka kumi, hakimu anauliza hati iko wapi. Haipo. Au ipo, lakini imeandikwa kama barua ya kawaida na haisemi kwamba usuluhishi umeshindikana. Shauri linaondolewa, anarudi kwenye kata kuanza upya, na nauli imekwisha. Wakati huo mume anatafuta mnunuzi wa kiwanja.

Hapo hahitaji wakili wa suti. Anahitaji mtu wa mtaani kwake anayejua hati ile inavyopaswa kusomeka, wa kumwambia usisaini karatasi ya kikao cha ukoo kabla hujasomewa, tunza risiti za mabati na saruji, taja mashahidi waliokuona ukifyatua tofali. Habari za matunzo ya watoto mara nyingi huanzia kwa ofisa ustawi wa jamii, hata kabla ya kufikiria mahakama, na kumwona hakulipiwi. Wangapi wanalijua hilo?

Asipompata mtu huyo, atapatwa na kishoka, yule wakili bandia. Mnawajua, msikilizaji: wanazunguka nje ya mahakama na bahasha kwapani, wanaandika hati za madai zisizo na kichwa wala miguu, wanachukua fedha ya mbuzi aliyeuzwa jana. Usimpe mtu shilingi yako kabla hujahakikisha jina lake kwenye orodha ya mawakili. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili kwa kazi hiyo hiyo. Kama huna simu ya intaneti, muombe kijana yeyote akutazamie.

Na wapo wanaosaidia bila malipo mwaka mzima. Mashirika ya msaada wa kisheria ya WLAC na TAWLA yamekuwa yakiwasikiliza wanawake tangu miaka ya 1990, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kinapokea wanaume na wanawake, na ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani kwako inapaswa kukuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe. Ukienda, nenda mapema, kabla mali haijahamishwa. Beba cheti cha ndoa kama unacho. Kama hamkufunga ndoa lakini mmeishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikiwatambua kama mke na mume, usibaki nyumbani ukidhani huna haki: ile ile Sheria ya Ndoa ya 1971 imeweka dhana ya ndoa, na wenye ujuzi watakueleza inakufikisha wapi.

Wasaidizi hawa wa kisheria wengi wanajitolea. Vocha ni yao, nauli ya bodaboda ni yao, daftari ni lao. Tunawapigia makofi kwenye maadhimisho, kisha tunawaacha wabebe mashauri ya kata nzima kwa fedha za mifukoni mwao. Mimi naona hilo ni kosa, na linarekebishika bila kusubiri sheria mpya. Halmashauri zinapanga bajeti kila mwaka. Wapewe chumba chenye mlango unaofungwa kwenye ofisi ya kata, maana hakuna mama atakayeeleza kipigo mbele ya foleni ya watu. Wapewe posho ya usafiri ya kumsindikiza mtu mahakamani mpaka siku ya hukumu. Diwani wako akija kwenye mkutano wa hadhara, mnyooshee mkono umuulize: wasaidizi wa kisheria wa kata yetu mwaka huu wametengewa kiasi gani?