Daftari Lisiseme Uongo

(Maneno tuliyowaambia wanakisomo wa Kaengesa, Wilaya ya Sumbawanga)

Ndugu wanakisomo,

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tuzungumze juu ya daftari letu la mahudhurio.

Sisi wakulima wa Ufipa tunaijua lumbesa. Mnunuzi anashindilia mahindi mpaka gunia linaota kichwa. Kwenye karatasi anaandika: gunia moja. Je, ni moja kweli? Hapana. Hesabu imesema uongo, na aliyeumia ni mkulima.

Hata darasani iko lumbesa. Tulifika kijiji kimoja, daftari likaonyesha wanakisomo 40. Tukahesabu vichwa: 14. Mwalimu akasema, "Niliogopa darasa litafungwa." Tulimwelewa. Lakini wale 26 waliacha kwa sababu. Wengine walihamia mashamba ya mbali. Wengine macho hayaoni vizuri jioni. Daftari lilisema wapo, basi hakuna aliyewauliza. Na sisi tulikosa, maana tuliipeleka hesabu ile mbele bila kufika kuona.

Hesabu hiyo huenda wapi? Hutoka kijijini, hupita kata, wilaya na mkoa, hufika Dodoma. Huko ndiko hupangwa vitabu na walimu. Hesabu ikipotoka hapa, mpango utapotoka kule.

Tutazame nchi nzima. Kwa hesabu za sensa ya 1967, katika kila watu wazima 100, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukawa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha wamebaki 39. Mwaka 1986 walibaki karibu 10. Lakini sensa ya 2002 ilionyesha kama 31!

Je, watu walisahau? Wako waliosahau kwa kukosa la kusoma. Lakini pia mizani haikuwa moja. Mwaka 1986 watu walipimwa kwa mtihani. Kwenye sensa mtu huulizwa tu kama anajua kusoma na kuandika. Huwezi kulinganisha debe na kilo. Ndiyo sababu kila hesabu tuiulize: umepimaje?

Sasa tufanye nini hapa Kaengesa?

Kwanza, mwalimu aandike aliyekuja tu. Darasa la watu 14 wa kweli lina faida kuliko la watu 40 wa karatasi.

Pili, aliyeacha aandikiwe sababu. Kama ni kilimo, tubadili saa. Kama ni macho, tumpeleke akapimwe.

Tatu, aliyehitimu aandikiwe kazi yake na ufundi anaoutaka: uashi, ushonaji, useremala, ufugaji wa nyuki. Bila hivyo, watapanga mafunzo ya kushona mahali wanapotaka uashi.

Nne, hesabu isomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla haijaondoka. Jirani anajua nani anasoma na nani hasomi.

Ndugu zetu, zamani daftari lilikuwa la mwalimu peke yake. Sasa na ninyi mnasoma. Liombeni, mlifungue, mtafute majina yenu. Mkiona uongo, semeni bila kumtukana mtu. Lumbesa ya mahindi tunaikataa. Na hii ya darasani tuikatae.