MOYO WA MTOTO ALIYE TUMBONI
Hotuba ya Mwenyekiti, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Hesabu za hisa na mikopo mtasomewa na mweka hazina. Mimi nimeomba niseme jambo moja tu la afya, maana akiba ni ya watu walio hai.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, karibu mmoja ana hitilafu ya moyo. Mwingine moyo una tundu, mwingine mishipa mikubwa imebadilishana nafasi. Moyo huumbika mapema, katika wiki nane za mwanzo, wakati mama wengi hata hawajajijua. Kwa hiyo tuache maneno ya eti karogwa, eti ni ukoo wa mwanamke. Mara nyingi hata madaktari hawaoni sababu. Yanayojulikana ni kama kisukari kisichodhibitiwa, pombe, baadhi ya dawa, na ugonjwa wa rubella mwanzoni mwa mimba. Rubella ina chanjo. Hapa Tanzania watoto wanaipata pamoja na ya surua tangu 2014.

Hitilafu nyingi kubwa zinaweza kuonekana mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Moyo huonekana vizuri kati ya wiki ya 18 na 22. Lakini tusidanganyane. Kipimo hakioni kila kitu, mpimaji lazima awe amefundishwa kuangalia moyo, na wapo watoto wanaofariki hata ikijulikana mapema.

Mtu atauliza, sasa kujua kunasaidia nini? Kunasaidia kuchagua mahali pa kujifungulia. Mtoto ambaye mishipa yake imebadilishana anaweza kuzaliwa analia vizuri, na uzito mzuri. Baada ya saa au siku chache, kile kinjia cha damu alichokitumia tumboni kinaziba, naye anageuka rangi ya bluu. Akiwa karibu na wataalamu, hupewa dawa ya kukizuia kisizibe mpaka apasuliwe. Akiwa huku kwetu, mama anaanza kutafuta gari. Tundu dogo ni jambo jingine. Mara nyingi huziba lenyewe.

Upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015. Lakini nauli haitafutwi siku ya uchungu. Ndiyo maana naleta ombi kwenye mkutano mkuu wa leo: mfuko wa jamii umkopeshe kila mwanachama mjamzito fedha ya kipimo bila riba, na akipewa rufaa, nauli itoke siku hiyo hiyo kwa saini za viongozi wawili, asisubiri kikao cha mwezi.

Na wenye vichanga nyumbani: mtoto akichoka kunyonya, akitoka jasho anaponyonya, akipumua haraka au asipoongezeka uzito, mpelekeni kituo cha afya. Midomo ikiwa ya bluu, msingoje kesho.

Akina baba, kliniki nako mfike. Mtoto ni wa wote wawili.

Kikundi chetu kidumu!