Kukodi Mashine za Akili Mnemba



Mkulima wa muhogo huko Liuli au Lituhi huogopa batobato na michirizi ya kahawia. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage na IITA, huyatambua magonjwa hayo kwa kamera ya simu, hata pasipo intaneti. Kazi nzito ni kuifundisha kwanza. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2017 walianza na picha 2,756 za majani ya muhogo wa Bagamoyo.

Chama kitakachotaka kufundisha programu ya namna hiyo itambue kutu ya majani ya mibuni ya Mbinga huenda kikahitaji kukodi kichakataji cha michoro katika kompyuta za mbali. Hapo ndipo makato ya wanachama huweza kuyeyuka. T4 ina kumbukumbu ya gigabaiti 16, nayo yatosha kwa picha elfu chache. Kukodi H100 yenye gigabaiti 80 ni kama kuita lori la tani 10 lipeleke magunia matatu ya kahawa.

Hata hivyo bei ya saa hudanganya. Mashine ya bei mara tatu ikimaliza kazi kwa robo ya muda, hiyo ndiyo nafuu. Katibu ajaribu kwanza picha 200, apime dakika, ndipo apige hesabu.

Malipo huendelea hadi mashine izimwe. Umeme ukikatika Mbinga, ile ya mbali haizimiki! Jina la mwenye jukumu la kuizima liandikwe katika muhtasari wa kikao kabla malipo hayajaidhinishwa.