Dawa ya Presha ya Macho Ikishatoka Dirishani

Mgonjwa wa presha ya macho mara nyingi haumwi popote, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Anafika kliniki akisoma ujumbe kwenye simu yake bila tabu, anaambiwa neva ya jicho inakufa kidogo kidogo na ikishakufa hairudi, kisha anakabidhiwa kichupa cha timololi atakachotakiwa kukitumia pengine maisha yake yote. Dawa hiyo hairudishi uono uliopotea; inalinda uliobaki. Miezi miwili ikipita, haoni mabadiliko yoyote zaidi ya jicho kuwasha kila akitia dawa. Wa kuacha anaacha kimyakimya.

Ugonjwa wenyewe si wa nadra. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma, yaani presha ya macho, kwa takribani watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea.

Mada hii inakiangalia kichupa kikishatoka dirisha la dawa.

Kwanza hesabu, ambayo wengi huiruka. Mililita 1 hutoa takribani matone 20, kwa hiyo kichupa cha mililita 5 kina matone kama 100. Anayetia macho yote mawili, asubuhi na jioni, anatumia matone 4 kwa siku. Kichupa kinaisha siku ya 25, na hapo mkono haujakosea hata mara moja. Mgonjwa huyo akipewa kichupa kimoja na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, kliniki yenyewe imekwishampangia miezi miwili bila dawa.

Na mkono hukosea. Mzee anainua kichwa, vidole vinatetemeka, ncha ya kichupa inagusa kope, tone linateremka shavuni. Anaongeza la pili, na la tatu kwa usalama. Kumbe tone moja tu tayari linazidi nafasi iliyopo chini ya kope. Mengine ni hasara tupu. Sehemu ya dawa hupitia kwenye tundu la machozi hadi puani na kuingia kwenye damu, na huko timololi inaweza kumbana kifua mwenye pumu au kushusha mapigo ya moyo. Swali la pumu ni la kuulizwa kabla ya kuandika dawa. Kisha mgonjwa afundishwe kufumba jicho na kubonyeza kona ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Hilo halina gharama yoyote, ila muda wa muuguzi.

Dawa nyingine ya matone, latanoprosti, ina nafuu yake: tone moja kila jicho, usiku tu. Lakini kabla ya kufunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, na ikishafunguliwa haitakiwi kuzidi nyuzi 25, jambo gumu kwa chumba cha bati Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Jaribio lililofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, lililinganisha timololi na tiba ya mwanga wa leza. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefanikiwa katika asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31. Matokeo hayo hayaifanyi timololi kuwa dawa mbovu, lakini yanatosha kumfanya daktari mwenye mashine ya leza aitaje mapema, badala ya kungoja matone yashindwe. Palipo mbali na mashine, matone yataendelea kubeba mzigo.

Kwa hiyo pendekezo kwa vituo ni dogo. Kila mgonjwa arudi na kichupa chake. Presha ikikutwa juu, kabla daktari hajaongeza dawa ya pili, muuguzi amwombe atie tone moja mbele yake, na amuulize cha mwezi uliopita kiliisha lini.