Uongozi wa Wanafunzi na Fedha za Msaada
(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kanuni 7 za ushirika zilizopitishwa mjini Manchester mwaka 1995 zinataja elimu katika ile ya 5, na kuijali jamii katika ile ya 7. Kanuni hizo mbili hukutana shuleni, pale wanafunzi wanapoazimia kuchangisha fedha za kumsaidia mwenzao aliyeunguliwa na nyumba, au shule jirani isiyo na maji. Watoto hao ndio watakaoshika madaftari ya vyama kesho. Namna wanavyozishika senti za msaada leo ndivyo watakavyozishika fedha za mazao ya wanachama.

Upo mfano wa kweli. Mwaka 1998, katika mji wa Kemptville nchini Kanada, mtoto wa miaka 6 aitwaye Ryan Hreljac alimsikia mwalimu wake akieleza kwamba dola 70 zingetosha kuwapatia kisima watu wasio na maji safi. Mtoto huyo alifanya kazi za nyumbani miezi kadhaa hata akazipata. Alipozipeleka aliambiwa kwamba dola 70 hununua pampu tu. Kukichimba kisima chenyewe kulihitaji dola 2,000 hivi. Hakukata tamaa. Aliendelea kufanya kazi na kuwaeleza watu shabaha yake, na mwaka 1999 kisima kilichimbwa katika Shule ya Msingi Angolo, kaskazini mwa Uganda.

Mfano huo una mafunzo mawili. Kwanza, kiongozi si lazima awe mkubwa wa umri wala wa cheo. Kiranja hupewa mamlaka na walimu, bali kiongozi wa mchango hupewa imani na wenzake, na imani haiamrishwi. Pili, gharama halisi iulizwe kabla ya kutangaza mchango. Mtoto mmoja aliweza kuanza upya, lakini shule nzima ikiisha kuchanga kisha ikaambiwa kwamba fedha hazitoshi, wengi watadhani zimeliwa.

Kwa hiyo imewapasa wanafunzi kuanza kwa mkutano. Wachague kwa kura mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mwalimu mmoja awe mlezi. Waandike shabaha moja tu, gharama yake, na siku ya mwisho ya kuchanga.

Mchango nao uwe wa hiari. Mtoto asiye na kitu asitajwe mbele ya wenzake, wala asirudishwe nyumbani. Njia iliyo njema ni kila darasa kuwa na sanduku lake, lifunguliwe mbele ya mashahidi wawili, na stakabadhi yenye namba itolewe kwa darasa zima. Hivyo hesabu hulindwa, na heshima ya maskini hulindwa pia. Asiye na fedha atachangia kwa jembe katika bustani ya shule, na mboga zikiuzwa, jasho lake litakuwa limo katika jumla.

Chukua mfano wa hesabu. Masanduku yametoa shilingi 42,000, na mboga zimeuzwa shilingi 18,000. Jumla ni shilingi 60,000. Nauli ya kupeleka msaada ni shilingi 4,500. Fedha zinazopaswa kubaki ni shilingi 55,500. Ikiwa mkononi zipo shilingi 55,000, zile 500 ziandikwe kuwa zimepungua, na sababu itafutwe. Mweka hazina asizifukie kwa kutoa mfukoni mwake, hata akiwa na nia njema, maana aliyezoea kuficha upungufu mdogo atajifunza kuficha mkubwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Msaada ukiisha kutolewa, taarifa isomwe mbele ya shule yote: kilichopatikana, kilichotumika, na aliyepokea, ikiwa mwenyewe ameridhia kutajwa. Mwanafunzi yeyote awe na ruhusa ya kuuliza, na ajibiwe bila kukemewa. Swali la mtoto wa darasa la nne lina uzito uleule wa swali la mwanachama katika mkutano mkuu.

Katibu wa chama anaweza kuisaidia shule iliyo karibu naye kwa kutoa saa moja ya kuwafundisha wanafunzi kuandika stakabadhi na daftari la fedha. Lakini asizipokee fedha zao katika kasha la chama, wala asizikope hata kwa siku moja. Zihifadhiwe na mwalimu mkuu kwa maandishi, na wanafunzi wabaki na nakala.

Na katibu atakayekwenda kufundisha alichukue daftari la chama chake, awaonyeshe watoto ukurasa wa mwezi uliopita. Ikiwa ukurasa huo hauwezi kuonyeshwa kwa watoto, basi kazi ianzie chamani kabla ya kufika shuleni.